Mirusho Kumi na Moja

Arlington, Texas
Jumatano, 10 Septemba 2025

Kwa dada yangu mpenzi, Mwanakhamis, Wete.

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani kwako, goti limetulia, na kikohozi cha shemeji kimekwenda zake. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi, mimi na Lubna. Anakusalimu sana, na anasema ile achari ya ndimu uliyomtumia mwaka jana ilikwisha siku ya nne, na mwizi anamjua. Joto la huku halijapungua. Gari likikaa juani saa moja tu, usukani haushikiki. Lakini hatulalamiki, tunafanya kazi, tunakula, tunalala.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu na simu ipo. Sababu ni kuwa simu yako, dada, si yako peke yako. Nikikutumia ujumbe wa sauti wanausikiliza watoto, na majirani, na muuza maziwa akiwa amesimama mlangoni, halafu jioni yake napigiwa na mtu wa Chake Chake ananiuliza kulikoni. Haya ya leo nataka uyasome peke yako kwanza. Ukishacheka, au ukishakasirika, ndipo uamue nani asomewe. Barua anaichukua bibi mmoja wa Katy, upande wa Houston, anayesafiri Ijumaa. Ni mtu wa kuaminika, ila mazungumzo yake marefu, kwa hiyo mkaribishe na chai ya kutosha.

Umeniuliza mara tatu sasa habari za mkahawa wangu. Unataka picha, tena iwe na kibao chenye jina, uitundike sebuleni, kwa sababu jirani yako anasema haamini mpaka aone. Picha nimeitia humu kwenye bahasha, ila nakuomba usiitazame mpaka ufike mwisho wa barua. Nakujua, umeshaitoa. Basi igeuze kifudifudi uendelee kusoma.

Nianze mbali kidogo. Kila mwaka, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo huku ndiyo sikukuu ya wafanyakazi, sisi watu wa Afrika ya Mashariki tulioko Arlington na Grand Prairie hukutana na wenzetu wa Houston. Mwaka mmoja wao wanapanda kuja kwetu, mwaka mwingine sisi tunateremka kwao, mwendo wa saa nne kwa gari. Zamani tulikuwa tunacheza mpira wa miguu. Mwaka 2013 mpira huo ulivunja mguu mmoja, kioo cha gari kimoja na uchumba mmoja. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakakata shauri kuwa kuanzia hapo tutacheza mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu anayeujua, ili pasiwe na mtu wa kujivuna. Wakachagua besiboli.

Nikueleze kidogo usije ukapotea. Mtu mmoja anasimama katikati ya uwanja, huyo ndiye mrushaji. Anamrushia mpira mdogo mgumu mtu wa upande wa pili aliyeshika rungu. Mwenye rungu akikosa mara tatu anarudi kukaa. Akiupiga, anakimbia. Mengine yote ni maneno. Ukiwa na mrushaji mzuri, wenzako wanane wanaweza kusimama wakila karanga na bado mkashinda.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda kama wazee walivyotaka. Watu walikimbia upande usio wao, tukacheka, tukala, tukaagana. Mwaka wa pili Houston wakaja na sare. Tangu hapo wakawa wanatufunga kila mwaka, na nahodha wao, Abdulhafidh, Mlamu, mfamasia, mwenye nyumba mpya kule Katy yenye gereji ya magari matatu, alikuwa kila akitufunga ananijia mimi, nahodha mwenzake, kunifariji. Ananishika bega kabisa. Angenicheka ningevumilia.

Halafu Septemba 2017 wakaja na Jean-de-Dieu. Ni Mrundi, mrefu, mpole, mcha Mungu, mtu asiyepandisha sauti. Alikuwa na miezi mitatu tu tangu ashike ule mpira. Lakini alikulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na utoto wake wote kazi yake ilikuwa kufukuza nyani kwenye mahindi kwa mawe, na nyani wa Kigoma, aliniambia baadaye, wana akili kuliko watu wa Arlington. Tulikwenda kusimama mbele yake mmoja mmoja na rungu letu, tukarudi kukaa mmoja mmoja. Mimi mpira sikuuona. Niliusikia tu ukipita.

Mwezi wa Mei uliofuata tukakutana sote kwenye walima ya harusi huko Houston, mchana, pilau mezani. Nikamwendea Jean-de-Dieu mbele za watu, nikamwambia ahamie kwetu. Kazi nitamtafutia kwenye ghala ninapofanya, Grand Prairie, na mimi na mke wangu tutamlisha chakula cha mchana yeye na watu wake kila Jumapili, mwaka mzima. Abdulhafidh akasikia, akasogea na sahani yake, akasema kwa ile sauti yake ya chini kuwa Houston itamlisha miaka miwili. Nikasema mitatu. Akasema minne. Dada, unanijua. Watu walikuwa wameacha kula wanatutazama. Nikasikia mdomo wangu unasema saba, na Abdulhafidh akatabasamu, akachota kachumbari, akaenda zake.

Lubna alikuwa upande wa wanawake, hakusikia. Nilimweleza tukiwa njiani kurudi, tukikaribia Corsicana. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Aliendelea kuendesha mpaka Arlington. Tulipofika mlangoni akazima gari, akaniuliza ni watu wangapi. Nikasema yeye na familia yake. Akauliza tena, wangapi. Sikuwa nimeuliza. Walikuwa wanane: yeye, mkewe Marie-Goretti, watoto watano, na mama mkwe, bibi mwembamba sana ambaye mpaka leo hatujui chakula anakiweka wapi.

Kazini kwetu yupo mzee mmoja Mmarekani, ametazama besiboli tangu hajaota ndevu. Jumatatu nilipomsimulia alivua miwani. Akaniuliza miaka mingapi, nikamjibu. Akaniambia kuwa katika kila mji wenye timu kubwa, matajiri wenye washauri na mawakili wamewapa warushaji mikataba ya miaka sita, saba, minane, mamilioni kwa mamilioni, na mkono ukaharibika kabla mtu hajazoea njia ya kwenda uwanjani, na wao wakabaki kumlipa anakaa benchi akitafuna mbegu za alizeti mpaka mwaka wa mwisho. Mrushaji, akasema, usimpe hata miaka miwili. Nikamjibu kuwa hao walilipa fedha, sisi tunalipa biriani. Akavaa miwani yake, akarudi kazini.

Kuandika mkataba tukampa Polycarpe, Mrundi mwenzake, aliyekuwa katekista miaka ishirini na mwenye mwandiko mzuri kuliko sote. Tatizo ni kuwa Polycarpe maishani mwake hajawahi kuandika mkataba wa kazi. Maagano aliyoyajua kwa moyo yalikuwa ya ndoa, kwa kuwa ndiyo aliyowafundisha wachumba. Basi akaandika alichokijua. Kwamba mimi Mwadini na wenzangu tunampokea Jean-de-Dieu, na tunaahidi kuwa waaminifu kwake katika taabu na raha, katika magonjwa na afya, siku zote za miaka saba, tangu mechi ya 2018 mpaka jioni ya mechi ya 2025. Na sisi Waislamu, badala ya kumzuia, tukaleta mashahidi wanne, ikasomwa Fatiha, ikaliwa halua. Wanawake wakapiga vigelegele. Marie-Goretti alilia. Kila mtu aliona maneno ni mazuri mno, na hakuna aliyeuliza itakuwaje mkono ukiharibika.

Mechi ya 2018 ilikuwa Houston. Kwa mirusho tisa ya kwanza Jean-de-Dieu aliwarudisha watu watatu kukaa, na hakuna aliyeugusa mpira. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Zamu ya pili akasimama Abdulhafidh mwenyewe na rungu. Mrusho wa kumi, akakosa. Nikaanza kufikiria nitamfariji vipi. Mrusho wa kumi na moja tukasikia kitu kinalia, na hakikuwa mpira, lilikuwa bega la Jean-de-Dieu. Tulifungwa kumi na tisa kwa mbili. Tulirudi saa nne za njia na mfuko wa barafu unayeyuka kwenye kiti cha nyuma, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa mama mkwe, aliyeuliza kama Jumapili bado ipo.

Daktari alimpasua, akamwambia mkono utafanya kazi nyingi lakini hautarusha tena. Mpaka leo akifanya ishara ya msalaba anainamisha kichwa kiufuate mkono. Houston walituletea kikapu cha matunda.

Jumapili ya pili baada ya upasuaji, Jean-de-Dieu alikuja mlangoni peke yake, mkono wa kulia umefungwa kifuani, karatasi kashika kwa kushoto. Hakutaka kuingia. Akasema hakuja Arlington kula, alikuja kurusha, na kama harushi, basi nimruhusu auchane mkataba. Nikamwambia haiwezekani. Nikamsomea pale pale kwa sauti: katika magonjwa na afya. Nikamwambia mashahidi wapo na halua watu wameshaila. Akarudi kwenye gari kuwachukua wenziwe. Alikuwa amewaacha garini, dada, wote saba, wamevaa nguo za kanisani, kwa sababu hakuwa na hakika kama wataingia.

Tangu siku ile Arlington nzima ikanihurumia. Dady, kijana wetu fundi wa magari, alikaa akapiga hesabu kuwa kila mrusho mmoja wa Jean-de-Dieu umenigharimu Jumapili thelathini na tatu. Kila ikitoka habari kuwa timu kubwa fulani imempa mrushaji miaka saba na bega limekufa, Dady anaitia kwenye kundi letu la simu na picha ya sufuria ya Lubna chini yake. Akinikuta dukani anapaza sauti, "Anko, wewe huku-sign mkataba, uli-sign ndoa!" Nami nilinung'unika, dada, nilinung'unika kwa bidii. Nilikuwa nikisimama na mwiko mkononi nawaambia wageni kuwa yule pale ndiye mchezaji ghali kuliko wote Texas, na yule pale anainua kijiko kunisalimia.

Lakini nikikuambia hizo Jumapili zilikuwa mzigo nitakuwa nasema uongo, na leo uongo nimeukusudia kuumaliza. Mwaka wa korona, watu walipokatazwa kuingiliana, Lubna alikuwa anaweka masufuria juu ya boneti la gari lao, wanakula ndani ya gari vioo vimeshushwa, na sisi tumekaa kibarazani tunapiga kelele za mazungumzo. Februari iliyofuata ikaanguka theluji, umeme ukakatika mji mzima, na kwa kuwa jiko letu ni la gesi wakahamia kwetu wote wanane siku nne. Mama mkwe alichukua kitanda changu. Tulikula mchele wote wa nyumba, na Lubna aliwafundisha kucheza karata mpaka wakawa wanamshinda. Ramadhani chakula cha mchana kinageuka futari, na Josué, kitinda mimba wao, ambaye hafungi hata saa moja, ndiye anayeshika simu kusikiliza adhana na kutukataza tusiguse tende. Yule binti mkubwa, Annick, alikuja akiwa na miaka kumi na mmoja. Kazi zake zote za shule kazifanyia kwenye meza yetu. Mwaka huu kaingia chuo kusomea uuguzi, na fomu aliijaza hapo hapo, na ina doa la mchuzi.

Basi Julai mwaka huu Abdulhafidh akanipigia. Mtu wa adabu, alinitafuta mimi kwanza kuniomba ruhusa, kwa sababu mtu ni wangu mpaka Septemba. Anataka msimamizi wa bohari yake ya dawa huko Katy, mshahara mzuri kuliko wa ghalani, shule nzuri za watoto, na nyumba ya kupanga ameshaiona. Angependa Jean-de-Dieu aanze Oktoba. Nikamjibu kuwa namshukuru sana, atanipumzisha. Nikakata simu nikaenda kukaa gereji nusu saa, nikijifanya natafuta bisibisi. Miaka saba nilikuwa nahesabu Jumapili zilizobaki kwa sauti, na sasa zimebaki saba nikawa siwezi kuzihesabu. Nilikuwa naogopa meza tupu, dada. Nakwambia wazi. Sikuwahi kuogopa kitu vile tangu nifike nchi hii.

Jean-de-Dieu hakusema neno. Nilimuuliza mara moja, kwa mzaha, kama Katy kuna biriani. Akasema atajibu mkataba ukishakwisha, kwa sababu hawezi kuzungumza na wawili kwa wakati mmoja. Ni mambo ya Polycarpe hayo.

Mechi tukaicheza Katy, maana mwaka wa korona haikuchezwa na zamu zikageuka, Jumatatu ya wiki iliyopita, tarehe mosi. Mpaka zamu ya mwisho tulikuwa tumefungwa kumi na nne kwa sita. Abdulhafidh akasimama na rungu, mvi zimemjaa, kofia imenyooka. Hapo Jean-de-Dieu akainuka benchi, alikokaa miaka saba, akaniambia kwa utulivu kuwa mkataba unakwisha jioni na sasa ni saa tisa, kwa hiyo bado yeye ni mrushaji wangu. Akachukua mpira kwa mkono wa kushoto.

Mrusho wa kumi na mbili ulipanda juu, dada, ukapanda, ukakaa huko, ukaanza kushuka polepole. Abdulhafidh alikuwa na nafasi ya kunywa chai. Akauvizia, akazungusha rungu kwa nguvu zake zote, akaukosa, akazunguka mwenyewe, akakaa chini. Watu wa pande zote mbili wakapiga yowe. Mrusho wa kumi na tatu alikuwa anacheka, rungu likamtoka likaenda upande wake. Wa kumi na nne hakuweza hata kulinyanyua. Alikuwa ameinama ameshika magoti, machozi yanamtoka kwa kicheko, na mwamuzi naye anacheka huku anahesabu. Jean-de-Dieu akamrudisha Abdulhafidh kukaa! Tulikimbilia uwanjani kama tuliochukua kombe. Tulifungwa, lakini katika watu wetu hutampata hata mmoja anayelikumbuka hilo. Nikaenda kumshika Abdulhafidh bega. Nimemfariji, dada. Nimemfariji vizuri.

Jioni, watu wakifunga vikapu, Jean-de-Dieu akanijia na ile karatasi. Alikuwa ameitunza ndani ya kitabu chake cha sala. Akanipa, akanipa mkono wa kushoto, akasema mkataba umekwisha na Mungu anilipe. Sikuuliza habari za Katy. Njia nzima nilimwambia Lubna kuwa hatimaye tumepumzika, mpaka akaniambia ninyamaze anaendesha.

Jumapili hii iliyopita nikamwambia apike cha watu wawili. Akasema sawa. Nilipoingia jikoni nikakuta amepika kile kile cha siku zote, akasema mkono umezoea. Ikafika saa saba, saa wanayokuja. Hakuna mtu. Saa saba na robo Lubna akaanza kuondoa sahani, akaziacha, akazirudisha. Saa saba na nusu nikasimama dirishani kutazama kama majani ya uwanjani yanahitaji kukatwa. Ndipo gari likaingia. Walikuwa wamechelewa kwa sababu Marie-Goretti naye alikuwa jikoni, amekuja na sufuria lake mwenyewe la maharage na ndizi, la kwanza katika miaka saba, kwa sababu mkataba ulisema tunawalisha sisi.

Jean-de-Dieu hakuingia mara moja. Alisimama pale pale aliposimama na mkono umefungwa. Akaniambia kuwa kila Jumapili, miaka yote hii, alipobisha mlango aliona haya, kwa kuwa hakujua kama anafunguliwa yeye au inafunguliwa karatasi. Leo hana karatasi, na amekuja kubisha ajue. Na jana ameshamjibu Abdulhafidh kuwa hahami. Dada, nilishika mlango tu ukawa wazi. Josué akapita chini ya mkono wangu kwenda mezani. Baadaye Annick aliniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikasema vitunguu, akasema vitunguu nimekatia wapi, na muda wote nilikuwa nimesimama mlangoni.

Sasa nimefika ninapopaogopa. Nina mambo mawili ya kukiri.

La kwanza, ile karatasi haikunifunga hata siku moja. Wiki ile ile ya bega, kabla Jean-de-Dieu hajaja mlangoni, Polycarpe alinijia ameona haya, akasema ameuliza kwa mtu mwenye kujua, na maandishi yake hayana nguvu yoyote, naweza kuyaacha. Nilimwomba asimwambie mtu. Nikaenda mlangoni nikamsomea yule maskini magonjwa na afya, na miaka saba nikajifanya mfungwa. Sababu nakwambia wewe. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza kila barua kama kuna habari njema, mpaka siku moja ukaacha kuuliza, nami nikakushukuru kimoyomoyo kwa kuacha. Mtoto hatukupata. Nyumba yetu ilikuwa safi na kimya, na Lubna alikuwa ameanza kuzungumza kwa sauti ya chini mle ndani bila sababu. Kisha Juni ile walipohamia, tukawa tunawalisha hata kabla ya mechi, na Jumapili ya pili nilikuwa nje nikasikia mtu anacheka jikoni kwa kelele, nikadhani ni Marie-Goretti. Nilipochungulia alikuwa mke wangu. Ningemchania mtu mkataba baada ya hapo? Juzi nikamweleza Lubna habari hiyo ya Polycarpe. Akasema anajua tangu 2018, mke wa Polycarpe alimwambia wiki ile ile, naye alinyamaza akihofu mimi nikijua nitawaachia waende.

La pili ni lako. Hakuna mkahawa. Haujawahi kuwepo. Mwaka ule nilipokuomba karafuu, iliki na mdalasini kwa kilo, ukaniuliza watu wawili wanafanyia nini viungo vyote hivyo, niliona haya kukwambia kuwa nimeahidi kulisha watu wanane miaka saba kwa ajili ya mchezo. Kwa sababu nilijua utasema: Mwadini, baiskeli ya baba. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipompa golikipa wa Mtambwe baiskeli ya baba ili ahamie timu ya mtaa wetu, akahamia, akafungwa manane, na wewe ukamwambia baba kuwa ni wewe uliyeiacha nje ikaibwa. Ukatembea kwa miguu kwenda skuli mwaka mzima na hukunitaja. Sikuweza kukuandikia kuwa nimerudia. Nikaandika nimefungua mkahawa. Ukafurahi mno, ukatangaza Wete nzima, nami nikakosa pa kurudi. Viungo vyako vyote vya miaka saba, dada, vimekwenda kwa mrushaji mmoja na watu wake. Nisamehe. Na ya baiskeli pia nisamehe, sijawahi kukuomba radhi.

Jumapili mezani niliwaeleza wote habari hii, nikawaambia unataka picha yenye kibao. Walicheka mpaka mama mkwe akaacha kula, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Halafu Josué akakimbia gereji akarudi na ubavu wa boksi la friji, na Annick akaandika. Sasa igeuze picha. Huyo mrefu aliyeinua kijiko kwa mkono wa kushoto ndiye Jean-de-Dieu. Lubna ni yule asiyetazama kamera kwa sababu anamwongezea mtu wali. Na kibao ni hicho alichoshika Josué: Mkahawa wa Mwadini, Jumapili tu, wateja wanane, hapalipwi. Itundike au usiitundike, uamuzi ni wako. Jirani yako akiuliza, mwambie kibao chenyewe hicho hapo.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto mmoja mmoja, na yule muuza maziwa, maana najua yupo mlangoni. Lubna anakubusu mikono. Marie-Goretti anauliza ile achari ya ndimu unaitia nini. Mungu akupe afya na umri, atukutanishe kwa kheri.

Iliki imebaki ya Jumapili mbili. Nakuomba unitumie nyingine, na safari hii unajua ni ya nani.

Ni mimi mdogo wako aliyekupotezea baiskeli,

Mwadini